Kidole Kimoja

Kwa Shebwana kinyozi, nyuma ya soko la Majengo,
kesi ya diwani Mselem haijafungwa.
Mahakamani ilifungwa, huu mwaka wa tatu:
mtu mmoja, bunduki moja, kifungo cha maisha.
Lakini hapa hufunguliwa kila Alhamisi
wembe unaponolewa.

Kazungu, aliyekuwa askari jela, husimama mlangoni
akanyoosha mkono kama mtutu.
"Kutoka ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro,
hadi jukwaani Tononoka, hatua mia moja na kumi.
Nimezipima kwa miguu yangu, mara mbili.
Na yule kijana ni fundi wa friji.
Friji! Nani alimfunza kulenga?"

Abdulhusein muuza misumari hushusha miwani.
"Nyoka hafunzwi kuuma.
Nyinyi mwataka jambo kubwa liwe na mzazi mkubwa.
Hamwezi kulala mkijua
kijana mwembamba vile, mwenye deni la kodi ya chumba,
amemwangusha mtu aliyejaza uwanja."

"Na taa?" yuwauliza Shebwana, bila kuinua kichwa.
"Mbona zilizimika dakika ile ile?"
"Taa za Mombasa huzimika bila ya kuua mtu."
Hapo hucheka wote, hata Kazungu,
kisha huona haya kwa kucheka.

"Basi askari wa lango la nyuma, walikuwa wapi?"
"Walikwenda kunywa chai."
"Wote wanne?"
"Ulipokuwa askari, wewe ulikuwa hunywi chai?"

Kazungu hupiga kizingiti kwa kiganja:
"Kidole kimoja hakivunji chawa!"
"Chawa, ndiyo," asema Abdulhusein polepole.
"Bunduki hutosheka na kimoja."

Kimya.
Ndipo macho yanijiapo, mmoja mmoja,
nami niko kitini, shuka shingoni, povu shavuni.
Hawaniulizi. Waniuliza kwa kutoniuliza.
Wajua ni mimi niliyemwosha.
Wajua pia kwamba mwosha akionacho
hukimwaga pamoja na maji.

Usiku ule tulikuwa watatu:
mimi, nduguye mkubwa, na mwanafunzi wangu
aliyetoka nje kutapika, hakurudi.
Majani ya mkunazi yalielea ndooni.
Nikaziba matundu kwa pamba,
moja, la pili, la tatu.
Manne.
Nikahesabu upya, kama mtu aliyesahau rakaa.
Manne.
Na redio asubuhi ikasema risasi mbili.

Nilikaa mwezi mzima nikijua jambo.
Lilinikaa kooni kama mwiba wa tasi.
Hata jioni moja nikamtazama mke wangu akishona kofia:
sindano ikaingia huku, ikatokea kule,
sindano ile ile moja,
na kitambaani matundu mawili.

Tangu hapo sijui tena.
Manne yaweza kuwa risasi nne.
Yaweza kuwa mbili, zilizoingia na kutoka,
kama redio ilivyosema.
Lakini lile la ubavuni lilikuwa dogo kuliko mengine,
dogo la bunduki nyingine,
au taa ya chumba ilikuwa hafifu,
au ni mimi nipendaye liwe dogo.

Hakuna hakimu aliyeniita.
Nduguye Mselem hukutana nami njiani, tukasalimiana,
akaulizia afya ya wanangu, majina yao yote,
akanishika mkono muda mrefu kuliko salamu.
Huenda naye alihesabu.

Shebwana yuwanifuta povu.
Kazungu na Abdulhusein washaanza upya,
hatua mia na kumi, fundi wa friji, chai.
Kinyozi ageuza kidevu changu kwa kidole kimoja,
anitazama kiooni,
nami namtazama.

"Tulia, Famau," anambia.
"Upande huu bado."